Gia ya Nne

Kabla mume wangu hajaonekana, nilikuwa nimeshamsikia. Pikipiki inafika kona ya msikiti, inapunguza mwendo, halafu inaanza: gok, gok, gok, gok, kama mtu anayegonga sufuria kwa mwiko akitafuta ugomvi. Ikiwa kwenye lami inakimbia haina neno, inalia kama pikipiki ya mtu yeyote. Lakini punguza mwendo uone. Mpaka majirani walishaizoea. Walikuwa wananiita toka ng'ambo ya ua, "Mama, washa jiko, mwenye kugonga amefika!"

Wao walicheka. Mimi sikuwa na kicheko, kwa sababu kelele ile ilikuwa ikija na mume wangu kutoka Bungoma, na Bungoma ndiko alikokaa mke mwenzangu.

Niseme mapema, mtu asije akanisoma akanidhania mwema: mimi nina wivu. Sikuufundishwa, nilizaliwa nao. Nilipokuwa mdogo nilimwonea wivu dada yangu akiwa na malaria, kwa sababu yeye ndiye aliyekorogewa uji wa maziwa na mimi nikapewa wa maji. Sasa mtu wa namna hiyo umletee mke mwenza, unatarajia nini?

Nyumba yetu Kitale ilikuwa nyuma ya msikiti, vyumba viwili na baraza. Barazani ndipo nilipoweka cherehani yangu ya kukanyaga. Nilishona yunifomu za shule, nikashona madera, nikabana suruali za mitumba za vijana waliotaka zishike mapaja. Mume wangu aliuza sufuria. Miaka mingi aliziuza kwa baiskeli, amezifunga nyuma zimepandana mpaka zinampita kichwa, leo soko la Kachibora, kesho Kamukuywa. Bungoma alikwenda kwa gari kufuata bei nzuri. Akaipata bei, na mke akampata.

Aliniambia mwenyewe, mchana kweupe, ameketi kwenye kiti cha wateja wangu. Dini inamruhusu, na mimi ni mtoto wa madrasa, ningesema nini? Nilimwambia, "Nimekubali kwa ulimi. Moyo utakuja baadaye ukipenda. Lakini haki nataka." Akasema haki nitapata, na wallahi aliitoa. Siku tatu kwangu, siku tatu kwake. Akininunulia leso, anamnunulia leso ya rangi ile ile. Siku moja alileta vitambaa viwili vya nguo za sikukuu, changu na chake. Alipokwenda kuswali nilichukua futi nikavipima. Vilikuwa sawa, inchi kwa inchi. Badala ya kufurahi nikakasirika zaidi, maana hata pa kulalamikia hakuniachia.

Huyo mwenzangu alikuwa kijana kuliko mimi, mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye kibanda cha mboga na dagaa sokoni kule kwao. Nilikutana naye mara mbili tu, harusini na matangani, na mara zote mbili alinipa heshima yangu. Nikirudi nyumbani nilimwigiza mbele ya wanangu namna anavyosema "kalibu" na "chakura". Watoto wakicheka najiona nimeshinda. Nimeshinda nini, hata sijui.

Kitu nilichokuwa nakiogopa kilikuwa kimoja. Sikuogopa leso wala siku. Niliogopa kubaki mke wa jina, wa kupika na kufua, na yule awe ndiye anayeambiwa mambo. Mwanamume anaweza kugawa kila kitu sawa sawa, lakini siri zake haziwezi kukatwa kwa makasi. Zinakwenda kwa mmoja.

Basi zile ndizo siku pikipiki za Kichina zilipoanza kujaa mjini. Vijana wa baiskeli waliokuwa wakibeba watu pale steji walikuwa wanapungua kila wiki, na ukimwuliza mmoja mwenzake yuko wapi, anakwambia, "Amepanda cheo, ana pikipiki." Mume wangu naye akapanda cheo. Aliuza baiskeli na mbuzi wawili, akaongezea akiba, akaleta pikipiki nyekundu. Na siku aliyoileta ilikuwa siku yangu! Mimi ndiye niliyeiona kwanza. Mimi ndiye niliyeikalia kwanza, kiubavu, dera nimelibana magotini, tukapita barabara ya Kipsongo tukarudi na mimi nimeinua kidevu kama mke wa diwani. Mwenzangu angeiona keshokutwa, ikiwa imeshakaliwa.

Fundi wa pikipiki aliyekuwa na kibanda ng'ambo ya barabara yetu ndiye aliyemfundisha mume wangu, hata kabla hajanunua yake. Kijana mmoja mtaratibu wa kutoka mashambani, mikono myeusi ya grisi, mdomo haufungi. Kwa wiki mbili walizunguka kiwanjani, na mume wangu, mtu wa miaka arobaini na kitu, akawa kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Aliendesha vizuri. Alibadilisha gia mpaka unasahau kwamba pana gia. Alikuwa akifika nyumbani anashusha moja moja, injini inatulia, anasimama mbele ya baraza, anaiacha inanguruma kidogo ili majirani wasikie, ndipo anazima.

Miezi mitano hivi ikapita. Halafu ikaja kelele.

Mwanzoni nilidhani ni kitu kimelegea. Nikamwambia aipeleke kwa fundi. Akasema ataipeleka. Hakuipeleka. Miezi miwili ikapita, gok gok gok, mpaka siku moja pikipiki iko pale nje na mwenyewe yuko msikitini, nikamwita fundi aitazame. Akaipiga kiki, akaisikiliza, akaizungusha mara mbili mtaani, akarudi anacheka.

"Mama, injini ni nzima kabisa. Shida ni mzee."

"Mzee amefanya nini?"

"Anaweka gia ya nne halafu anatembea mwendo wa punda. Gia ya nne ni ya kukimbia, bana. Ukitaka polepole unashusha, tatu, mbili, moja. Usiposhusha injini inalemewa, inagonga hivyo. Aendelee tu, ataniletea vipande kwa gunia."

"Na kwa nini hashushi?"

"Si hawa wote wametoka kwa baiskeli? Wanafikiria injini ikilia sana inakunywa mafuta. Sasa wanaweka nne, wanaiacha hapo, ati wanaokoa petroli. Na wakikaribia nyumbani wanazima kabisa, wanateleza na mwendo. Mimi nimetengenezea wengi, hawasikii."

Hapo alisema kweli. Mume wangu naye alikuwa ameanza kuzima injini pale kwa muuza makaa, anateleza kimya kimya mpaka mlangoni. Aliporudi kutoka kuswali nikamwambia maneno ya fundi, akacheka. "Amenipata. Ni ubahili tu, mama watoto."

"Mbona mwanzo ulikuwa unashusha?"

"Mwanzo nilimwogopa fundi."

Lilitoka upesi mno jibu lile. Mume wangu ni mtu wa polepole, ukimwuliza kama chumvi imetosha anafikiria kwanza. Jibu la haraka kwake ni jibu lililopikwa jana. Nikalishika nikaliweka.

Sasa mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo wivu ulipovaa miwani. Mimi ni mtu wa mashine. Cherehani ukiikanyaga polepole juu ya mshono mnene wa jinzi, inagonga vile vile, tena usipoiachia inakata sindano. Na nimefundisha wasichana wengi kushona. Nikiwa jikoni, mgongo nimeupa baraza, najua ni mguu wa nani ulio kwenye mashine. Kwa hiyo nilijiambia: mume wangu alikuwa anaiendesha vizuri, na sasa inagonga. Mtu hasahau gia kama anavyosahau mwavuli. Pikipiki hii imezoeshwa ubaya na mguu mwingine.

Siku iliyofuata nilichukua kitambaa nikaipangusa pikipiki vumbi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikatazama vile vioo viwili vya pembeni. Mume wangu ni mrefu, mlango wetu anauingia kwa kuinama. Nikaketi mahali pa dereva, sikujiona. Nikainama kidogo, bado. Nikainama tena mpaka kiuno kikalia, ndipo nikauona uso wangu kwenye kioo. Vioo vilikuwa vimewekwa kwa kimo cha mtu mfupi.

Nilipangusa kioo kile mpaka kikalia.

Na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wiki haikuisha akaja mteja wangu mmoja, mama wa Kamukuywa ambaye hupita kwangu akija Kitale kununua nguo za kuuza. Alikuja kuchukua sketi. Alilipa, akakaa, akanywa chai, akazungumza habari za mahindi, na mimi namwona kabisa ana kitu kinywani. Mwisho akakitoa.

"Mzee wako nilimwona Bungoma."

"Ndiyo, ana nyumba huko."

"Nilimwona kiwanja cha mpira. Amekaa nyuma ya pikipiki. Yule dada mdogo ndiye ameshika. Watoto wanakimbia nyuma yao wanapiga kelele." Akanitazama aone nitafanya nini. "Amejua kweli! Anakata kona hivi."

Nilicheka. Nikamwambia, "Si ni vizuri, atapunguza nauli ya soko." Nikamfungia sketi yake, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi, nikaketi kwenye cherehani, nikashona mkono wa shati mahali pa kola.

Mimi nilibebwa kiubavu. Yeye amepewa usukani! Mimi nilizungushwa Kipsongo nikajiona malkia, kumbe mwenzangu anafundishwa, mume amekaa nyuma yake, mikono iko kiunoni kwake bila shaka, wanacheka mbele ya watoto wa watu. Na hakuniambia. Hilo ndilo lililonila. Angalau angesema. Kitu kile nilichokiogopa kilikuwa kimeshaingia ndani, kimekaa, kimekunja miguu.

Alipofika kwa zamu yangu, gok gok gok, kisha kimya, kisha akateleza mpaka mlangoni, nilimwacha aswali alasiri, nikamletea chai, nikakaa mbele yake.

"Unamfundisha pikipiki."

Kikombe kilisimama njiani. "Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Mwezi na kitu."

"Na mimi nataka."

"Wewe?"

"Mimi, ndiyo. Kwani nina mkia? Ulisema haki. Leso mbili, vitambaa viwili, siku tatu tatu. Pikipiki ni moja, sawa, sikwambii uikate katikati. Lakini mafunzo yagawe. Ulichompa yule nipe na mimi. Ama mafunzo hayamo kwenye haki?"

Nilikuwa nimejitayarisha. Nilijua atakasirika, au atacheka, na vyote viwili nilikuwa na jibu lake. Alisema tu, "Kesho asubuhi, baada ya chai." Na nikaona kama amefurahi. Amefurahi! Ile furaha yake ilinikera usiku kucha.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naiogopa pikipiki kuliko fahali aliyekata kamba. Lakini nilishadai, na mimi nikidai sirudi nyuma hata kama ninachodai ni kaa la moto.

Tulikwenda kiwanja kilicho nyuma ya mabohari ya mahindi. Ndani ya dera nilivaa suruali ya michezo ya mwanangu, na kichwani helmeti inayonuka jasho la mume. Pale palikuwa na vijana wa kupakia magunia, na kazi ilikuwa bado haijaanza, basi nikawa ndio sinema yao. Mara ya kwanza pikipiki iliruka kama chura, ikazima. Mara ya pili ikaruka, ikazima. Mume wangu amekaa nyuma, ananiambia sikioni, "Achia klachi polepole. Polepole, mama." Mimi naachia kama nimeungua.

"Mama!" kijana mmoja akapaza sauti. "Hiyo si cherehani!"

"Beba gunia lako, hii niachie mimi!" nikamjibu, na injini ikazima tena, wakaanguka kwa kicheko.

Siku ya kwanza nilitoka nimekasirika mpaka machozi. Siku ya pili nilizunguka kiwanja chote gia ya kwanza. Siku ya tatu nikaweka ya pili, nikaweka ya tatu, upepo ukaingia kwenye dera, na Mungu anisamehe, nikapiga kelele ya furaha kama msichana. Nilisahau hata kwa nini nimekuja. Halafu nikakumbuka kwamba yule naye amepiga kelele kama hii, kabla yangu, na utamu ukaniishia mdomoni.

Alikwenda Bungoma siku zake tatu. Aliporudi tukaendelea. Tatizo langu sasa lilikuwa kushusha. Kupanda gia nilipanda, kushuka nilikuwa nashtua pikipiki nzima, au naiacha kwenye nne inaanza kugonga chini yangu, gok gok gok, naisikia mpaka mifupani. Yeye ananieleza: bana klachi, gusa gia kwa mguu, achia taratibu, vuta mafuta kidogo. Nafanya, haiwi.

Nikasimama. "Mdomo hauendeshi pikipiki. Panda mbele unionyeshe, mimi nikae nyuma nitazame."

"Utaweza tu. Jaribu tena."

"Nionyeshe."

"Nimeshakueleza."

"Yule ulimwonyesha, mimi unanieleza? Hiyo ndiyo haki?"

Akashuka, akaja mbele, nikarudi nyuma. Nikamchungulia juu ya bega, nimetoa macho, sitaki hata ukucha unipite. Akaweka mkono wa kushoto kwenye klachi.

Vidole havikufunga.

Vilikaa pale juu ya ule mkono wa chuma, vimenyooka nusu, kama vya mtu anayeonyesha ukubwa wa samaki. Akasukuma kwa kifundo cha mkono, akavuta kwa bega, mwili wote ukapinda, na klachi ikaingia nusu, ikamteleza. Pikipiki ikaruka ikazima. Akajaribu tena. Ikamteleza. Mara ya tatu alivuka kwa mkono wa kulia akaibana, na sasa hakuna mkono wa kuvuta mafuta. Akakaa hivyo hivyo, ananipa mgongo, anatazama ukuta wa bohari.

"Mkono una nini?" nikasema.

"Haushiki."

"Tangu lini?"

"Kabla ya mfungo."

Kabla ya mfungo! Nilishuka kwenye pikipiki nikaja mbele yake, nikaushika ule mkono. Ulikuwa baridi kidogo. Niliubonyeza kiganjani akasema anahisi mbali, kama amevaa glavu. Na nikiwa nimeushika, mambo yakaanza kunijia yenyewe. Aliacha mashati akawa anavaa kanzu kila siku, nikamwambia anajifanya shekhe; kumbe vifungo. Magunia ya sufuria alikuwa ananiita mimi nikayafunge kamba, nikamwambia amekuwa mvivu tangu apate pikipiki. Na kucha. Aliniomba nimkate kucha za mkono wa kulia, na mimi nikafurahi, nikadhani ni mapenzi, nikajiambia moyoni yule hawezi kukata kucha vizuri kama mimi.

Na gia ya nne. Ukishaondoka kwa shida ukaiweka nne, klachi huihitaji tena mpaka usimame. Na ukizima injini ukateleza mpaka mlangoni, hata kusimama huihitaji. Haukuwa ubahili, wala haukuwa mguu wa mtu mwingine. Mume wangu alikuwa anakuja kwangu kutoka Bungoma, milima yote ile, kwa mkono mmoja.

"Hospitali umekwenda?"

"Alinipeleka. Wamesema mshipa umebanwa shingoni. Labda ni mizigo ya miaka mingi. Wamenipa dawa na mazoezi, unaweza kurudi, unaweza usirudi."

Alinipeleka. Mtu mwema angeuliza mazoezi gani. Angeuliza kama anaumwa. Mimi, nasema bila kujificha, nimesimama pale nimeshika mkono uliokufa wa mume wangu, nikauliza, "Kwa nini ulimwambia yeye kwanza?"

"Sikumwambia. Aliona."

"Aliona nini?"

"Nilifika, nikashuka. Kabla sijavua helmeti akaniuliza mkono una nini."

"Na mimi je? Katika siku sita tatu uko kwangu. Mimi sina macho?"

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira, ningepata pa kushika. "Wewe nikifika unasikiliza pikipiki," alisema. "Unatoka umeinamisha sikio. Unaizunguka. Unaitazama matope imetoa wapi. Nilikuwa nangoja umalize kwayo, unifikie na mimi."

Mwenye macho haambiwi tazama. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, na dera langu jipya. Wale vijana wa magunia walinyamaza, nadhani walidhani nimeanguka.

Baadaye kidogo nikamwuliza mbona basi amekubali kunifundisha. Akasema njia ni ndefu, na mwenzangu ana kibanda, hawezi kumleta mpaka Kitale na kurudi kila baada ya siku tatu. Walihitaji mtu wa upande huu. "Nilitaka kukuomba," akasema. "Yeye akaniambia usimwombe dada, ukimwomba atakataa. Mwache, atadai mwenyewe."

Astaghfirullah! Amekutana nami mara mbili maishani, na alinijua hivyo. Nilitamani kuipiga teke ile pikipiki. Nilipanda badala yake, nikaipiga kiki, nikazunguka kiwanja nikishusha gia nne, tatu, mbili, moja, mara ishirini, mpaka ikaacha kulalamika. Sikutaka aje aseme nimefundishwa nikashindwa.

Ilinichukua wiki nyingine sita kuizoea barabara kubwa. Mpango wao ulikuwa hivi: mimi nimpeleke mpaka Kamukuywa, ambapo ni kama katikati. Mwenzangu aje mpaka pale kwa gari, apokee pikipiki na mume, aendelee nao Bungoma. Mimi nirudi Kitale kwa gari. Na siku zangu zikifika, tunageuza.

Siku ya kwanza nilifika Kamukuywa mgongo umelowa, nimepitwa na malori mpaka nimesoma dua zote ninazozijua. Lakini nilifika, na hatukuanguka. Mwenzangu alikuwa ametangulia. Alisimama pembeni ya soko, karibu na wauza nyanya, na helmeti yake mkononi, amevaa suruali ndani ya gauni kama mimi, na viatu vya kufunga, imara. Nilitafuta kosa. Nilimkagua kutoka kichwani mpaka viatuni kama ninavyokagua mshono wa fundi mwingine.

"Salaam aleikum, dada. Umeendesha vizuri, nimekuona mkishuka."

"Aleikum salaam," nikasema, kavu.

Mume wangu alikuwa amevua helmeti anywe maji. Nikamkabidhi mwenzangu ufunguo. Akaikalia pikipiki, akarekebisha vioo, akangoja. Mume akavaa helmeti, na kamba ya kidevuni ikabaki inaning'inia, maana kifungo kile kinataka mikono miwili.

Niliuona mkono wa yule mwanamke ukiinuka. Ulikwenda wenyewe, bila kufikiria, kama mkono unaokwenda kila siku. Ulifika karibu kabisa na kidevu cha mume wetu. Halafu ukasimama hewani, ukarudi, akauweka kwenye usukani na kugeuza uso upande wa nyanya.

"Dada, mfunge wewe," akasema. "Bado hajatoka kwako."

Nikamfunga. Nilikawia, vidole vyangu vilikuwa vizito, na yeye muda wote huo hakugeuka kututazama. Nilipomaliza, mume akapanda nyuma, wakaondoka kuelekea darajani, na mimi nikabaki pale sokoni nikisubiri gari la kunirudisha Kitale. Nilikuwa nimemwonea wivu kwa siku zake, kwa ujana wake, kwa usukani, kwa macho yake yaliyoona kabla ya yangu. Siku ile niliongeza jambo moja. Ningekuwa mimi, mkono ule nisingeurudisha.